Onja Jani Kabla ya Maziwa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada, ahsanteni kwa kuja na jua hili la Mombasa.

Kabla sijasema mengi, naomba kila mtu ashike kile kikombe cha kahawa kilicho upande wake wa kushoto. Humo mna chai ya rangi tupu. Haina sukari, haina maziwa wala tangawizi. Chukueni funda dogo, mlifyonze kwa sauti kama mnavyofyonza uji wa moto, na msione haya, maana waonjaji wa kazi wote hufanya hivyo. Ile hewa inayoingia pamoja na chai ndiyo inayopandisha harufu puani kwa njia ya kooni. Mtu akinywa kimyakimya hupata ladha ya ulimi tu, na ulimi peke yake haujui mengi.

Sasa subirini kidogo. Kuna ukavu unaoshika mashavuni na kwenye ufizi, kama ule wa mabibo. Huo ni ukakasi, na si uchungu. Uchungu hukaa kwenye ulimi na ni ladha. Ukakasi ni hisia ya ngozi ya mdomo. Chai njema huwa nao, ila hauchelewi kuondoka, na ukishaondoka mdomo hubaki safi, wenye hamu ya funda jingine. Chai iliyochemshwa hadi kuchoka hukuachia vyote viwili, tena havibanduki.

Chai mliyoonja ni ya daraja linaloitwa PF1, iliyotoka milima ya Kericho. Chai kama hiyo hupita katika mji wetu huu kwa shehena kila wiki. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na hata mashariki ya Kongo huuzwa hapa. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya kuonjea, kwenye zile meza ndefu zenye vikombe vyeupe mstari kwa mstari, na kinachoniuma mpaka leo ni hiki: chai inayosafirishwa Pakistan, Misri na Uingereza, wenzetu huko huijadili kwa makini, nasi tunaoishi mlangoni pake wengi wetu hatujawahi kuionja. Tumeonja maziwa na sukari. Jani lenyewe hatujakutana nalo.

Sisemi hivyo kwa kuidharau chai ya maziwa. Nitaifikia, tena kwa heshima zake zote.

Kikombe cha pili ni cha rangi ya kijani-manjano. Onjeni. Kina harufu ya majani mabichi, ya mchicha uliopitishwa motoni kidogo tu, na nyuma yake kuna utamu mwembamba. Wengi hudhani hiki ni kinywaji kingine kabisa. Lakini mmea ni ule ule mmoja, Camellia sinensis, na kichaka kimoja cha Limuru au Mufindi kinaweza kukupa chai nyeusi, ya kijani, nyeupe au oolong. Tofauti inatokana na yale yanayofanywa baada ya kuchuma.

Jani linapochumwa, ndani yake mna katekini, yaani vile vitu vya ukakasi, na mna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko, na kila kimoja kimetengwa na mwenzake. Ukilivunja jani, vinakutana, hewa ya oksijeni inaingia, na rangi inaanza kubadilika kutoka kijani kwenda shaba. Ukitaka chai ya kijani, huna budi kukizuia kimeng'enya mapema kwa joto. Wajapani hutumia mvuke, Wachina wengi hutumia karai la moto. Ukitaka nyeusi, unalinyausha jani, unalivunja, unaliacha lipate hewa mpaka ligeuke, ndipo unalikausha. Oolong ya Fujian na Taiwan imesimama katikati, jani limeachwa ligeuke kiasi kisha likazuiwa. Nyeupe ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote, chipukizi hunyaushwa na kukaushwa tu, lakini ni kazi isiyosamehe uzembe.

Katika chai nyeusi, yale mabadiliko ya hewani huzaa vitu viwili vinavyofaa kukumbukwa. Theaflavini huleta ule mng'ao wa rangi ya machungwa na ukali unaochangamsha. Thearubijini huleta wekundu na uzito. Chai za mashariki ya Rift Valley na magharibi yake zina sifa hiyo ya mng'ao, na ndiyo sababu wachanganyaji wa Ulaya huzitafuta ili kuzipa uhai chai nyingine zilizolala.

Sasa ile PF1. Kiwandani jani hupitishwa katikati ya roli za chuma zenye meno, mtindo unaoitwa CTC, uliobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Linasagwa, linachanwa na kuviringwa kuwa punje. Punje zikichekechwa ndipo zinapopata majina: BP1 ni punje kubwa, PF1 inafuata, halafu PD, halafu vumbi la D1. Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu nimesikia watu dukani wakibishana. Daraja ni ukubwa wa punje. BP1 ya kiwanda kibovu inaweza kushindwa vibaya na D1 ya kiwanda kizuri. Ukubwa unakuambia jinsi ya kuipika: punje ndogo hutoa rangi upesi na nguvu upesi, kubwa inahitaji muda. Mtu anayehama kutoka vumbi kwenda BP1 akaendelea kupika kwa dakika zile zile, atalalamika kwamba ameuziwa chai nyepesi.

Kuna pia chai isiyosagwa, ambayo jani husokotwa tu likabaki refu. Viwandani wanaiita orthodoksi. Kwa miaka mingi Kenya haikuishughulikia sana, kwa kuwa soko lilitaka CTC ya kuiva haraka kwenye vifuko. Siku hizi baadhi ya viwanda vya wakulima wadogo, kama Kangaita kule Kirinyaga, vinaitengeneza. Inunueni mkiiona. Mkulima mdogo katika nchi hii amefika hapo kwa njia ndefu. Mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, mashamba makubwa yakaanza Kericho miaka ya 1920, na Mwafrika alizuiliwa kuipanda kwa miongo mizima, hata alipokuwa ndiye mchumaji. Milango ilianza kufunguliwa kwake miaka ya 1950, na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ikaundwa mwaka 1964. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya inatoka kwenye vishamba vya wakulima hao. Mnunuzi wa nyumbani anayejua kutofautisha jani zuri na baya ni soko ambalo mkulima huyo hajawahi kuwa nalo.

Twendeni jikoni.

Upungufu mkubwa majumbani uko kwenye maji na saa, majani yenyewe mara nyingi hayana kosa. Hapa pwani wengi wetu tunategemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi, na mengine yana chokaa. Yale ya chokaa mtayajua kwa utando unaoelea juu ya kikombe kama mafuta yaliyopasuka, na kwa ule ukoko mweupe ndani ya birika. Harufu nzuri ya chai haiwezi kupenya hapo. Ukitaka kuonja, tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au nunua chupa moja ya maji mepesi, yasiyo na chokaa. Chota maji mapya kila unapopika. Na yakishachemka, yaondoe, usiyaache yatokote robo saa huku unatafuta majani.

Joto nalo lina siri yake. Hapa Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Kericho kama 93, kwa sababu kadiri unavyopanda mlima, kila mita 300 hupunguza karibu nyuzi moja. Ndugu zenu walioko bara wakisema chai ya majani marefu haiwivi vizuri kwao, hawana makosa. Waambieni walisuuze buli kwa maji ya moto kwanza, walifunike vizuri, na waongeze dakika moja.

Chai ya kijani haitaki maji ya kuchemka. Yanaivuruga, uchungu wote unatoka kwa mara moja na ule utamu wa nyuma unapotea. Inataka nyuzi 75 hadi 82. Wengi hukata tamaa wakisikia hivyo kwa kuwa hawana kipimajoto, na hawakihitaji. Chukua vikombe vitatu vya maji yanayochemka, ongeza kikombe kimoja cha maji safi ya kunywa yaliyokaa mezani. Kwa hali ya hewa yetu, maji hayo ni kama nyuzi 27, na mchanganyiko utakuwa karibu 82. Ukitaka 75, weka viwili vya moto kwa kimoja cha kawaida. Nairobi, kile kipimo cha tatu kwa moja kinakupeleka chini mpaka 75 au 76, basi wao waweke vinne.

Kiasi cha majani: kwa kikombe cha mililita 200, gramu 2 hadi 3. Kijiko kimoja cha chai cha CTC kinatosha. Majani marefu ni mepesi na yanachukua nafasi, kwa hiyo ni vijiko viwili, pengine zaidi, na mwenye mizani ya keki aitumie. Muda: CTC dakika 2 hadi 3, orthodoksi nyeusi 4, kijani 2, nyeupe inaweza kwenda 5 bila kuharibika. Kisha chuja. Chuja yote! Majani yakibaki ndani ya buli au chupa ya chai, yanaendelea kutoa uchungu hata baada ya wewe kuondoka jikoni, na yule anayekuja kumimina saa moja baadaye anakunywa kitu kingine. Naliona jambo hili kila nyumba ninayotembelea na kila mkahawa. Chai nzuri huuawa hivi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Kwenye chumba cha waonjaji tunatumia kipimo cha kimataifa: gramu 2 kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika 6. Hicho ni kikombe kikali mno, nacho hakikukusudiwa kunywewa. Kimekusudiwa kufichua kasoro, ili moshi, ukungu au jani lililoungua kiwandani lisipate pa kujificha. Nyumbani hamkihitaji, isipokuwa siku mnapotaka kujua ukweli wa paketi mnayoishuku.

Ila kuna desturi moja ya kile chumba ninayotaka mwende nayo nyumbani. Msionje chai moja peke yake. Pikeni mbili au tatu kwa wakati mmoja, kwa maji yale yale, kipimo kile kile na dakika zile zile, mzipange upande kwa upande. Chai moja ukiinywa leo na nyingine kesho, kumbukumbu itakudanganya. Zikiwa pamoja, hata mtoto wa darasa la nne ataona. Nuseni majani makavu, kisha yaliyolowa, maana yaliyolowa yanasema zaidi. Tazameni rangi kwenye kikombe cheupe karibu na dirisha. Onjeni ya moto, onjeni tena ikiwa vuguvugu, kwa sababu kasoro hujitokeza joto linaposhuka. Na mwandike. Maneno tunayo tele: nzito, nyepesi, ya asali, ya moshi, ya maua, ya mbao, ya udongo uliopigwa na mvua, ya samli. Mtu akiniambia chai hii "ina harufu ya kanga iliyofukizwa udi," nitamwelewa moja kwa moja, na mwonjaji wa London hatamwelewa, na si lazima amwelewe.

Kikombe cha tatu, kile chenye rangi hafifu ya zambarau, ni cha chai ya zambarau. Aina hii ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, chini ya namba TRFK 306. Jani lake lina anthosiani, rangi ile ile iliyomo kwenye zabibu nyeusi. Kamueni matone mawili ya ndimu. Mnaona? Imekuwa ya waridi, kwa kuwa anthosiani hubadilika ikikutana na asidi. Rudini sasa kwenye kikombe cha kwanza mtie ndimu pia. Kimepauka. Hamkuipunguza nguvu, ni thearubijini zinazobadilika rangi. Watoto wenu wafanyieni hivi nyumbani, ni somo la kemia lisilohitaji maabara.

Nimeahidi chai ya maziwa, na hapa naomba wale wanaodhani waonjaji huidharau wanisikilize. Chai ya kupikwa na maziwa ni ufundi kamili. Protini ya maziwa inayoitwa kaseini hushikana na vile vitu vya ukakasi na kuvilainisha, ndiyo maana jani la kutiwa maziwa lazima liwe kali. Hapo CTC yetu haina mpinzani. Majani ya oolong au ya kijani yatazama bila kuonekana, msiyapoteze humo.

Tangawizi ichemsheni na maji kwanza, dakika tano kamili, kabla ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na joto la kuchemka hukiua. Wengi wamelaumu muuza maziwa bure. Mdalasini na karafuu ziingie pamoja na tangawizi, karafuu mbili kwa sufuria nzima, ya tatu itatawala kila kitu. Kisha majani, kwa dakika moja na nusu katika maji matupu, ili yapate kufunguka vizuri. Ndipo maziwa, nusu kwa nusu na maji, moto wa wastani, yapande mara moja na kushuka. Iliki iliyopondwa muda huo huo itieni mwishoni kabisa, maana harufu yake hupaa upesi. Chujeni. Sukari mtu atie mwenyewe kikombeni. Mkijaribu mara moja chai ya namna hii bila sukari kabla ya kuitia, mtashangaa ni kijiko kimoja mtakachohitaji mahali pa vitatu.

Kuna jambo la afya nitalitaja kwa ufupi. Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye mboga na maharagwe. Kwa mama mjamzito, na kwa mtoto, ni vyema ipishane na mlo kwa saa moja.

Na msimu wa kaskazi, joto linapotubana, wekeni gramu 8 za majani marefu kwenye lita moja ya maji baridi ya kunywa, mfunike, mlaze kwenye jokofu usiku mzima. Maji baridi huvuta uchungu polepole mno, na asubuhi mtakuta kinywaji laini kisichodai sukari.

Nimebakisha kikombe cha nne, na nimekiweka mwisho kwa sababu ni chetu kuliko vyote, ingawa kinatoka Fuzhou, China. Nuseni kwanza. Nawaona akina mama mnacheka, mmekitambua. Ni asumini. Ua ni lile lile, Jasminum sambac, tunalotunga vikuba na kutandaza kitandani kwa bibi harusi. Wachina huchanganya matumba ya asumini na majani makavu ya chai ya kijani jioni, maua yanafunguka usiku na kutoa harufu, na majani huinywa harufu hiyo. Chai ina tabia hiyo ya kunyonya kila harufu iliyo karibu. Ndiyo maana nawasihi msiihifadhi kwenye kabati moja na bizari na vitunguu, bali kwenye bati lililofungwa, mbali na mwanga na unyevu wetu huu.

Kwa hiyo tabia inayoharibu paketi kabatini inaweza kufanya kazi kwa faida yenu. Chumeni matumba ya asumini jioni, yale meupe ambayo bado yamefumba, kutoka kwenye mti ambao haukupuliziwa dawa. Kwa gramu 50 za chai ya kijani, viganja viwili vya maua vinatosha kuanzia. Pangeni tabaka kwa tabaka kwenye bakuli pana la udongo au la kaure, mfunike kwa kitambaa cha pamba, mliache mahali penye hewa hadi asubuhi. Toeni maua yote, moja moja, kwa sababu ua lililonyauka likibaki huleta ladha ya kuoza. Majani yatakuwa yamelowa kidogo kwa unyevu wa maua, basi yatandazeni kwenye sinia na kuyatia kwenye oveni yenye joto dogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, hadi jani livunjike kwa sauti likiminywa. Mkitaka harufu kali zaidi, rudieni usiku wa pili kwa maua mapya. Wale wa Fuzhou hurudia mara nyingi kwa chai zao za bei ya juu.

Pale mlangoni dada zetu wana vifuko vya chai ya kijani ya Kenya, gramu 50 kila kimoja. Mti wa asumini kila mmoja wenu anajua wa jirani gani. Atakayeijaribu wiki hii anijie na kikombe chake kwenye mkutano ujao, nitaleta cha kwangu, tuvipange upande kwa upande.